Pale Saksafoni Inapovuta Pumzi: Nyimbo Kongwe za Krismasi katika Jazi Laini

Karibu na mwisho wa kila ubeti wa “Silent Night”, wimbo ambao wengi wetu tuliujua kwanza kama “Usiku Mtakatifu”, tuni hupanda hadi noti yake ya juu kuliko zote, hukaa hapo kitambo kidogo, kisha huteremka mpaka kwenye noti ya chini kabisa, na hapo ubeti huisha. Kati ya noti hizo mbili kuna oktava nzima, yaani ngazi ya noti nane, na noti tatu juu yake. Huo ni mwinuko mkali kwa wimbo unaoimbwa na watu wasiofunzwa kuimba, na ndiyo sababu, popote unapoimbwa, utawasikia wengine wakinyamaza kabla ya kufika kileleni, wengine wakihamia sauti ya chini, na wengine wakivuta pumzi kwa kishindo kama watu wanaojiandaa kuruka mtaro. Saksafoni haina shida hiyo. Mpigaji mzoefu huifikia noti ile bila jasho, tena anaweza kuishikilia kwa muda autakao, na kwa sababu hiyo mimi humpima papo hapo: je, amekumbuka kwamba wimbo huu ulitungwa kwa ajili ya vifua vya watu, au amesahau?

Kipimo hicho nimekitumia kwa majuma matatu nikisikiliza upya albamu za Krismasi za jazi laini, yaani ile jazi iliyotulizwa, yenye mapigo ya pole, besi isiyogombana na mtu, na ala moja, mara nyingi saksafoni, inayobeba tuni mbele ya vyombo vingine vyote. Nyingi kati ya albamu hizo ni za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipindi ambacho karibu kila mpigaji mwenye jina katika mtindo huu alitoa angalau moja. Ninaupenda mtindo huu na sioni haya kusema hivyo, ingawa najua kwamba wapenzi wa jazi kongwe huutaja huku wakibetua midomo. Kuupenda, hata hivyo, hakunizuii kusema kwamba albamu nyingi za aina hii ni dhaifu, na kwamba udhaifu wake hautokani na ulaini, kama wakosoaji wanavyodai.

Nyimbo za Krismasi na jazi laini zilipatana upesi kwa sababu mtindo huu ulilelewa na redio. Mizizi yake ni ya zamani zaidi, kwani tayari mwaka 1967 Wes Montgomery alikuwa akipiga nyimbo za pop kwa gitaa la jazi chini ya mtayarishaji Creed Taylor, na miaka tisa baadaye George Benson akapata umaarufu mkubwa kwa albamu yake ya “Breezin'”. Lakini jina na umbo lake vilikomaa baada ya kituo cha KTWV cha Los Angeles, kilichojiita The Wave, kuanza kurusha matangazo mwezi Februari 1987, na vituo vya namna hiyo kuenea katika miji mikubwa ya Marekani. Wasimamizi wa vituo hivyo walizoea kuwachezea wasikilizaji vipande vifupi vya nyimbo na kupima kama vinawapendeza, jambo lililowafundisha wanamuziki kwamba tuni inayochelewa kutambulika haitapigwa hewani. Sasa ni tuni gani itakayotambulika upesi kuliko ile ambayo msikilizaji ameisikia kila Desemba tangu utotoni? Mtihani huo ulikuwa umekwisha kufanywa na vizazi vilivyotangulia. Vituo vyenyewe havikudumu, kwa maana cha New York kilibadilisha mtindo mwaka 2008 na WNUA cha Chicago kikafuata mwaka 2009, lakini albamu za Krismasi zilizozaliwa katika enzi hiyo bado hurejea kila mwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Albamu ya kwanza kutajwa haiwezi kuwa nyingine ila “Miracles: The Holiday Album” ya mpiga saksafoni Kenny G, iliyotolewa mwaka 1994, ambayo nchini Marekani pekee imethibitishwa kwa nakala milioni 8 na ambayo ilifika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya jarida la Billboard. Mshirika wake mkuu katika kazi hiyo alikuwa Walter Afanasieff, mtu yule yule ambaye mwaka huo huo alishirikiana na Mariah Carey kutunga “All I Want for Christmas Is You”. Ni wachache waliowahi kuuachia msimu mmoja urithi mkubwa kiasi hicho kwa mkupuo. Albamu yenyewe ina nyimbo kumi na moja, nyingi zikiwa zile kongwe ambazo mtu angezitarajia, pamoja na utunzi mpya unaoipa albamu jina lake na mwingine wa Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, kwa kuwa Kenny G mwenyewe ni Myahudi.

Sauti ya saksafoni yake ya soprano inajulikana hata na wasiojua jina lake: nyembamba, angavu, yenye kuteleza kutoka noti hadi noti, na imezungushiwa mwangwi mwingi kiasi kwamba husikika kama inapigwa katika jumba kubwa lisilo na watu. Katika “Greensleeves” sauti hiyo inafaa kabisa. Tuni hiyo ya Kiingereza ya karne ya 16, ambayo baadaye ilipewa maneno ya Krismasi, ilikuwa na huzuni yake tangu mwanzo, na wembamba wa soprano unaizidishia upweke bila kuiharibu. Wimbo wa Brahms wa kumbembelezea mtoto nao umefanikiwa, ingawa hauna uhusiano wowote na Krismasi, pengine kwa sababu anayembembeleza mtoto halazimiki kufika mahali popote. Anachotakiwa ni kurudia.

Tatizo linajitokeza katika “Silent Night”. Kenny G ni bingwa wa mbinu ya kupuliza bila kukatiza, ambapo mpigaji huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kuisukuma ile iliyobaki mdomoni, na mwaka 1997 aliingia katika rekodi za Guinness kwa kushikilia noti moja kwa dakika 45 na sekunde 47. Sidai kwamba anaitumia mbinu hiyo katika kila wimbo wa albamu hii. Ninachodai ni kwamba hisia ya mtu asiyehitaji hewa imeenea humo kama manukato mazito, kwani miisho ya mistari hurefushwa, hupambwa kwa vinoti vidogo vidogo na kuunganishwa na mstari unaofuata, hivi kwamba pale ambapo mwimbaji angenyamaza nusu sekunde ili kujaza kifua hakuna kinachonyamaza. Matokeo yake ni mazuri masikioni na matupu moyoni. Msikilizaji anayeufuatisha wimbo kimoyomoyo, na sote hufanya hivyo tupende tusipende, hujikuta ameachwa nyuma na mtu ambaye hana haja ya kupumua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoulaumu mtindo mzima kwa ulaini. Wimbo wa Krismasi unaopigwa bila maneno haukosi maneno kamwe, kwa kuwa maneno yamo kichwani mwa msikilizaji na huanza kujisema yenyewe mara tu tuni inapoanza. Kwa hiyo mpiga saksafoni hapigi peke yake. Anapiga pamoja na mwimbaji asiyeonekana, na mwimbaji huyo anahitaji kupumua, ana konsonanti, ana silabi nzito na nyepesi. Mpigaji anayemsikiliza mwimbaji huyo anaweza kuwa laini kama hariri na bado akagusa, na yule asiyemsikiliza atabaki kuwa mapambo hata kama ataongeza kasi, ngoma na ufundi wa kila namna.

Chukua mfano wa “Have Yourself a Merry Little Christmas”, ambao karibu kila albamu niliyoisikiliza inao. Hugh Martin na Ralph Blane waliutunga kwa ajili ya filamu ya mwaka 1944, ambamo Judy Garland aliuimba kama faraja kwa mtoto anayelia, na maneno ya rasimu ya kwanza yalikuwa ya majonzi kiasi kwamba yalilazimika kubadilishwa kabla hajakubali kuyaimba. Mwaka 1957 Frank Sinatra naye, akitayarisha albamu yake ya Krismasi, aliomba mstari mmoja uchangamshwe: ule uliosema kwamba kwa sasa itatubidi tujikongoje hivyo hivyo ukabadilishwa kuwa mstari wa kutundika nyota ing'aayo kwenye tawi la juu. Tangu hapo waimbaji wamegawanyika, wengine wakijikongoja na wengine wakitundika nyota. Saksafoni haiwezi kuchagua upande. Inapofika kwenye mstari ule inapiga noti zile zile, na msikilizaji ndiye anayeujaza kwa maneno anayoyajua, au kwa yale anayoyahitaji mwaka huo. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo ya kutetea nyimbo za Krismasi zisizo na mwimbaji, na ninashangaa kwamba wapigaji wengi huipoteza fursa hiyo kwa kuufunika mstari huo huo kwa madoido.

“White Christmas” wa Irving Berlin ni mtego wa aina nyingine. Noti zake za mwanzo hutambaa kwa hatua za nusu toni, juu kidogo, chini kidogo, kisha juu tena, na mpiga saksafoni, ambaye chombo chake kinapenda kuteleza, hushawishika kuzipaka mafuta mpaka hatua zenyewe zisisikike. Bing Crosby, aliyeurekodi mwaka 1942 na kulazimika kuurekodi upya mwaka 1947 kwa sababu sahani mama ilikuwa imechakaa kwa kutoa nakala nyingi mno, aliziimba hatua hizo kwa unyoofu wa mtu anayesoma barua kwa sauti, na unyoofu huo ndio uliozipa uzito. “The Christmas Song”, kwa upande mwingine, karibu hauharibiki. Mmoja wa watunzi wake, Mel Tormé, alikuwa mwimbaji wa jazi, na alipoutunga pamoja na Bob Wells mwaka 1945, katikati ya joto kali la kiangazi, alikuwa amekwisha kuweka ndani yake mafungu ya noti tajiri ambayo watayarishaji wa jazi laini huyaongeza kwa nguvu katika nyimbo nyingine. Tangu Nat King Cole alipourekodi mwaka 1946, kazi ya kila anayemfuata imekuwa kuuruka vizuri mruko wa oktava unaoufungua wimbo, kisha kukaa kando na kuuacha utembee wenyewe.

Nyimbo zilizoandikwa katika skeli ya maina, ile ngazi ya noti yenye sauti ya huzuni, kama “God Rest Ye Merry, Gentlemen” na “We Three Kings” wa mwaka 1857, ndizo zinazonipa raha zaidi katika mtindo huu, kwa sababu besi na kinanda cha umeme hupata mahali pa kutembea na giza lake linazuia utamu usizidi. Ile ambayo sijawahi kuisikia ikipigwa vizuri kwa ulaini ni “Joy to the World”. Tuni yake huanza kwa kuteremka skeli nzima ya meja, noti nane bila kuruka hata moja, kama mtu anayeshuka ngazi kwa kukimbia ili akawape watu habari. Ukiipunguza kasi na kuitandikia mapigo ya pole, unabaki na mtu anayeshuka ngazi akiwa na usingizi.

Turudi kwenye albamu. Boney James, katika “Boney's Funky Christmas” ya 1996, alichagua njia ya mdundo, na kwa kiasi kikubwa njia hiyo inamfaa. Saksafoni yake ya aina ya tenor, yenye sauti ya chini kuliko soprano, ina mchanga kidogo kooni, hukata mistari mifupi mifupi kama mwimbaji wa R&B, na kwa sababu anaikata, anapumua. Kasoro yake ni ya zama zile, yaani mashine za ngoma. Pigo lile lile, kwa nguvu ile ile, kwa dakika nne au tano, huchosha hata linapokuwa chini ya saksafoni nzuri, na nyimbo ambazo asili yake huyumba kwa mapigo ya tatu-tatu huumia zaidi zinapolazimishwa kuingia katika nne-nne. “Silent Night” ni wimbo wa kuyumba. Ukiunyoosha uwe wa nne-nne, umeondoa susu na kumlaza mtoto sakafuni. Nisisahau pia vile vikengele vya farasi, ambavyo watayarishaji wa mtindo huu huvinyunyiza juu ya kila wimbo kana kwamba msikilizaji atasahau ni mwezi gani. Katika albamu moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa mpigaji wake bado anajitafuta, nilivihesabu katika nyimbo saba kati ya kumi.

Mpiga saksafoni Dave Koz ni mtu wa hadhara, na albamu yake ya 2001 aliyoiita “A Smooth Jazz Christmas” ina sura ya jukwaa kuliko ya studio, jambo lisiloshangaza kwa kuwa tangu mwaka 1997 amekuwa akizunguka kila mwaka na wenzake kwa maonyesho ya Krismasi. Ndani yake wamo Rick Braun kwa tarumbeta, David Benoit kwa piano, Peter White kwa gitaa na mwimbaji Brenda Russell, na faida kubwa ya kuwa na watu wengi ni kwamba hakuna anayepata nafasi ya kuzidisha. Mmoja anapoanza kurefusha maneno, mwenzake humpokea. Mimi huvutiwa hasa na gitaa la White, gitaa la kawaida la nyuzi lisilo na umeme. Sababu yangu ni ya kihistoria kidogo. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818, katika kijiji cha Oberndorf karibu na Salzburg, nchini Austria, padri Joseph Mohr na mwalimu Franz Xaver Gruber waliuimba “Silent Night” kwa mara ya kwanza kwa sauti mbili na gitaa. Kwa hiyo mtu anayepiga nyimbo hizi kwa gitaa tupu hafanyi jambo geni la kisasa, bali yuko karibu na chanzo kuliko kwaya yenye kinanda kikubwa. White ana albamu yake mwenyewe ya msimu, “Songs of the Season” ya 1997, na inastahili kutafutwa.

“December” ya Chris Botti, ya mwaka 2002, ni ya tarumbeta, na tarumbeta ina mlango wake wa kutokea: midomo huchoka. Mpiga tarumbeta hawezi kucheza na noti ndefu bila gharama, na gharama hiyo husikika. Botti hupiga kwa sauti ya chini, nyeusi kidogo, yenye hewa pembeni mwa noti, na ukimya anaouacha ni wa kweli. Kosa la albamu ni kwamba kila wimbo una rangi hiyo hiyo moja, hivyo baada ya nyimbo nne nilianza kutamani mtu aangushe kitu. “Snowbound” ya kundi la Fourplay, ya mwaka 1999, haina shida hiyo, kwa kuwa humo kuna mazungumzo: piano ya Bob James huuliza, gitaa la Larry Carlton hujibu, besi ya Nathan East huwasuluhisha, na Harvey Mason hupiga ngoma halisi, kwa mikono halisi, zinazopungua na kuongezeka kadiri wenzake wanavyosema. Kwa anayetaka kuthibitisha kwamba ulaini na uhai vinaweza kukaa nyumba moja, ningemwanzisha hapo.

Lakini iliyonishika zaidi ya zote ni “Breath of Heaven” ya mpiga saksafoni Grover Washington Jr., ya mwaka 1997. Jina lenyewe lina maana ya pumzi ya mbinguni, na sikuligundua hilo mpaka nilipokuwa nimekwisha kuchagua kipimo changu. Washington, aliyeanza kuvuma katikati ya miaka ya 1970 na ambaye albamu yake ya “Winelight” ya 1980 ni kama katiba ya mtindo huu, alikuwa na jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulirithi, yaani masikio ya mtu aliyekulia karibu na waimbaji wa injili na soul. Anapopiga tuni ya Krismasi huisema kwanza kama ilivyo, karibu bila pambo, akikata pale unapokata, akivuta hewa pale unapovuta, mpaka msikilizaji amwamini. Kisha, mara ya pili, huanza kuzungumza kwa maneno yake, na hata hapo kila wazo lina urefu wa pumzi moja ya binadamu. Ukisikiliza kwa spika za masikioni utaisikia pumzi yenyewe, ile hewa inayoingia kabla ya mstari. Mtayarishaji mwingine angeifuta. Washington alifariki tarehe 17 Desemba 1999 akiwa na umri wa miaka 56, na siwezi kusema kwa uaminifu kwamba kujua hilo hakuyaathiri masikio yangu.

Kwa ajili ya kulinganisha, niliirudia pia “A Charlie Brown Christmas” ya Vince Guaraldi, ya mwaka 1965, ambayo si jazi laini bali ni jazi ya watu watatu, piano, besi na ngoma, ila kila aliyekuja baadaye aliisikia. Sauti za watoto wa kwaya zilizomo humo haziko sawasawa kabisa. Huchelewa, huteleza nje ya noti, na mwishoni mwa mistari unasikia wazi kwamba hewa imewaishia. Mtu yeyote mwenye mashine ya kusahihisha sauti angeinyoosha kwaya ile kwa saa moja na kuiua. Nadhani albamu nyingi za jazi laini zimejifunza kutoka kwa Guaraldi upole wa piano na zikaacha funzo la wale watoto.

Linabaki suala la namna watu wengi wanavyousikiliza muziki huu leo, yaani si kwa albamu bali kwa orodha ndefu za mtandaoni zenye picha ya moto unaowaka na theluji dirishani. Niliiachia mojawapo iendelee kwa saa mbili nikifanya kazi nyingine. Nilisikia “Silent Night” mara tatu, kila mara kwa jina la mpigaji tofauti, na mara zote tatu mpango wa muziki ulikuwa ule ule: kinanda kile kile, noti ya juu ikishikiliwa kwa urefu ule ule, vikengele vile vile. Nilipowatafuta wanamuziki hao kwa majina yao sikupata hata picha. Nyimbo kongwe zaidi kati ya hizi hazina tena mmiliki wa haki za utunzi, kwa hiyo yeyote anaweza kuzirekodi bila kumlipa mtunzi, na sina shaka kwamba hesabu hiyo imewavutia wengi wasiokuwa na haja na Krismasi wala na jazi. Kama sauti ya kufunika kelele za chumba, orodha ile ilitimiza kazi yake. Kama muziki, nisingeipendekeza hata bure, na bure ndiyo bei yake.

Kwa anayetaka kununua moja tu, anunue ya Washington, na akiweza aipate kwa diski badala ya kuisikiliza mtandaoni, kwa sababu kijitabu cha ndani huorodhesha waliopiga kila ala na mtu hujua anamsikiliza nani. Ya pili iwe Fourplay. Ya Kenny G haina haja ya kununuliwa; utaisikia tu, katika lifti, katika maduka, katika simu inayokuambia usubiri, na itakapofika kwenye ile noti ya juu ya “Silent Night”, jaribu kuishikilia pamoja naye kimya kimya na uone ni nani atakayekuwa wa kwanza kuhitaji hewa.